Maji ya Nalongo

Afande wa stoo alishuka ngazi, akatembea kwenye nyasi zenye umande mpaka kwenye mlingoti wa bendera, akarudi. Kisha akauweka mguu wake wa kulia juu ya kreti tupu la soda ili kila mtu kwenye foleni aone. Buti lililotoka barazani likiwa jeusi la kung'aa lilikuwa limeota weupe kuanzia kidoleni hadi kisiginoni, utadhani limekanyagishwa unga wa muhogo.

"Olweny," akasema, "hii nini?"

"Umande, afande."

"Umande ya kwenu iko nyeupe?"

Foleni ikacheka. Walikuwa wauza kuni, wauza matoke na fundi mmoja wa mikeka, watu waliokuja kambini kila juma kutafuta tenda ndogondogo, na hawakuwa na ubaya wowote na Olweny. Walicheka kwa sababu mwenye ufunguo wa stoo alitaka wacheke, na miaka ile mtu wa sare akitaka ucheke, ulicheka hata kama jino linakuuma.

"Vua shati. Panguza."

Olweny akavua. Lilikuwa shati alilopigiwa pasi na mkewe asubuhi ile ile, shati la kuombea kazi, na sasa alipiga nalo goti mbele ya kijana ambaye alikuwa bado shuleni wakati yeye Olweny anapiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi. Lakini si shati lililomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kwamba afande alikuwa na haki. Olweny alikuwa ameng'arisha viatu miaka yote ya bendi, mpaka siku walipopunguza watu wa kaskazini kazini, na alijua buti zuri na buti baya. Hili lilikuwa baya, na dawa iliyolipaka alikuwa ameipika yeye mwenyewe.

"Sikiliza," afande akasema, mguu bado uko juu. "Gwaride kubwa iko mwezi ujao. Dawa ya viatu ya dukani hakuna, Kampala mzima hakuna. Wewe leta ingine. Ikikaa kwa umande bila kubadilika, nachukua kwa kambi mzima, kila mwezi, na nakupa kibali ya rodibloku, askari hawagusi mali yako. Ikiwa hivi tena, usirudi. Hata kupita mbele ya geti, usipite."

"Ndiyo, afande."

"Na hiyo shati uvae. Hatutaki mtu uchi hapa."

Akalivaa. Akatembea hadi Kisugu na shati lenye ramani nyeusi kifuani, na kila aliyekutana naye alitazama kwanza ramani, kisha uso, kisha pembeni.

* * *

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vidogo kwenye ua wa Nalongo. Jina lake halisi lilikuwa refu na watu walishalisahau. Huko Buganda mwanamke akizaa mapacha huitwa Nalongo mpaka kufa, na yeye mapacha wake walishakuwa na watoto wao. Alikuwa na nyumba, alikuwa na bomba la maji lililosimama nyuma ya banda la kuku, na alikuwa na kuku wenyewe, aliowapenda kuliko wapangaji na hakuficha. Kiswahili alikidharau maisha yake yote kwa kuwa ni lugha ya askari. Tangu serikali itangaze kuwa ndiyo lugha ya taifa, alikuwa ameanza kujifunza kidogo, kwa jinsi mtu anavyojifunza jina la mbwa wa jirani, ili siku moja lisaidie.

Katika ua huo ndimo ilimokuwa kampuni. Olweny aliiita kampuni. Mkewe, Akullo, aliyefagia na kudeki wodi za Mulago na kuilisha familia kwa mshahara wa ufagio, aliiita "moshi wako". Mtu wa tatu wa kampuni alikuwa Valère, Mkongomani mwembamba aliyeshona na kung'arisha viatu karibu na soko la Wandegeya. Yeye aliweka mtaji wa makopo matupu, aliyoyaokota kwa wateja, na maneno mengi.

Akullo alikuwa anatoa majivu kwenye pasi ndipo mumewe alipoingia. Aliliona shati. Hakuuliza.

"Limekuwa jeupe tena," Olweny akasema.

"Shati?"

"Buti."

"Kaka yako ameandika," Akullo akasema. "Anasema shamba la Kitgum liko, nyumba iko, ng'ombe wa kulimia yuko. Anasema mwanaume hakai mjini akilishwa na mke."

Olweny akaketi kwenye kibao. Binti yao Acen, aliyekuwa akitoka kwenye homa ya malaria, alikuwa amejilaza mkekani akiwasikiliza. Mwaka ule alikuwa darasa la saba, anaongoza darasa, na shule ya Kitgum ilikuwa mwendo mrefu na walimu wake walikuwa wamekimbia.

"Afande amesema mwezi ujao," Olweny akasema. "Ikishindikana hii, twende. Sitabishana tena na mtu."

Akullo alimpenda mume huyu, na alilichukia shamba la Kitgum, ambako mama mkwe angemhesabia kila kijiko. Hakuitaka safari hiyo hata kidogo.

"Basi haitashindikana," akasema. "Kesho sina zamu. Kesho napika mimi."

* * *

Dawa yenyewe ilitengenezwa hivi. Nta ya nyuki ilitoka Kitgum, pamoja na mafuta ya yaa, yale mazito ambayo watu wa kaskazini hupikia na kujipaka. Masizi walikinga kwenye bati juu ya koroboi. Olweny alikuwa anayeyusha vyote kwa mafuta ya taa, lakini mafuta ya taa yalipoadimika, Akullo akaleta ujuzi wa mama yake: kuchuja majivu. Chumvi ilipokosekana madukani, wanawake wa kwao walikuwa wameyarudia maji ya majivu kupikia mboga, na Akullo aliyajua yanavyochuruzika kwenye chungu chenye matundu, ya njano, makali kwenye ulimi. Maji hayo yaliilainisha nta kweli. Tatizo ni kwamba vitu havikukubaliana. Ukiweka maji kidogo ya bomba kupunguza ukali, nta ilikwenda kwake, maji kwake, na majivu yakarudi juu ya buti mara tu linapokauka.

Asubuhi ile Akullo alijifunga leso puani, akaweka sufuria juu ya mafiga, akaanza kukoroga kwa mwiko wa ugali ambao haungerudi tena kwenye ugali. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulimwingia machoni, mvuke wa majivu ukamwingia puani, na masizi yakapanda mpaka kwenye kope. Olweny alikuwa ameshika bati la masizi upande wa pili, amegeuza uso anakohoa. Nta ikaanza kushika mwiko.

"Nalongo!" Akullo akapiga kelele, macho amefumba. "Maji! Leta maji!"

Nalongo alikuwa anatoka bandani. Hapa lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka hapa. Kwa Kiganda maji ni amazzi. Mayai ndiyo amagi, na hiyo sauti ya katikati hutamkwa kama j ya Kiswahili. Nalongo alikuwa ametoka kuokota mayai, yamo kwenye mkunjo wa gomesi yake, lile gauni refu la mkanda, bado yana joto. Mtu aliyefumba macho akamwambia lete maji. Yeye akasikia kile alichokuwa nacho.

"Mangapi?" akauliza.

"Kidogo! Mbili!" Akullo alimaanisha vikombe.

Nalongo akasogea, akatazama ndani ya sufuria, akaona tope jeusi linafuka. Alisimama. Aliwatazama watu hawa wa kaskazini, akalitazama yai, bichi, zuri, la kuku wake mwekundu, na roho ikamuuma.

"Muno ndani? Humu?" akauliza.

"Ndani, Nalongo! Tia!"

Bado akasimama. Akullo, mikono inamchoka, akaipua sufuria na kuiweka chini, akaendelea kukoroga huku machozi yanamtiririka. Ndipo Nalongo akapasua yai la kwanza kwenye ukingo wa sufuria, akalimimina, akapasua la pili, akawatupia kuku maganda, na kwenda zake akisikitika. Watu wana wazimu wa aina nyingi, alijisemea, na hawa walikuwa wamelipa kodi.

Akullo alipofumbua macho aliona sufuria imetulia. Dawa ilikuwa nyororo, nzito, yenye kung'aa. Akaichovya kwa kidole. Haikuachana.

"Baba Acen," akasema polepole. "Njoo uone."

* * *

Valère aliondoka na kopo moja kwenda Wandegeya, akarudi kabla jua halijazama, anakimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku askari walipozingira soko.

"Papa Olweny!" akaita kuanzia njiani. "Mama Acen! Kopo imekwisha! Nimepakaa viatu ya mwanafunzi moja, rafiki yake anakuya, mwalimu anakuya. Nimemwangia mayi juu ya kiatu. Mayi inateleza! Haibaki kitu nyeupe, hata kidogo! Bantu banauliza, 'Valère, hii umetoa Nairobi?'"

Usiku ule walikula maharagwe yaliyotiwa mafuta. Olweny alipiga ngoma kwenye meza kwa vidole, wimbo wa gwaride, na Acen akacheka kwa mara ya kwanza tangu homa impate. Ilikuwa furaha kamili, furaha ya watu waliodhani wameshajua.

Kwa sababu hawakujua. Nalongo alikwenda Masaka kwenye mazishi ya shemeji, na bila yeye Akullo alijichotea maji mwenyewe bombani. Dawa ikatengana. Akapika tena, ikatengana tena, na buti la kujaribia, kuukuu la siku za bendi, likaota weupe kama zamani.

Hapo kila mtu akatoa elimu yake. Olweny alisema siri ni mkono: siku ile Akullo alikoroga kulia, sasa anakoroga kushoto. Valère alisema siri ni kopo, lile la kwanza lilikuwa la maziwa ya watoto, na bati la maziwa lina baraka. Akullo alisema siri ni kuni mbichi. Wakapika kwa kuni mbichi wakikoroga kulia na kumimina kwenye kopo la maziwa, wakapata supu nyeusi yenye mabonge.

"Labda ile siku uliweka kitu," Olweny akasema.

"Niliweka ulichoniona naweka."

"Sikukuona. Nilikuwa nakohoa."

"Basi ungekohoa kidogo uangalie zaidi! Nta ya mwisho ni ile pale. Kaka yako ataleta nyingine, au atatuletea basi la kutubeba?"

Walikuwa wamebakiwa na bonge moja la nta la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Olweny alitoka nje akakaa karibu na banda la kuku, akalitazama buti lake la bendi lililoota weupe, na kwa mara ya kwanza akaanza kupanga moyoni jinsi ya kufunga godoro kwa safari. Akullo alimwona kutoka mlangoni. Alimhurumia, na huruma hiyo ikampa hasira, na hasira ikampa akili.

Alikuwa amefanya kazi wodini miaka mingi. Alikuwa ameona masista wakipoteza mkasi au ufunguo wa kabati la dawa, na namna walivyoutafuta: hawakukimbia huku na huku. Sista mkuu alikuwa anawarudisha wote walipokuwa wamesimama, huyu kitandani, huyu dirishani, na kuwaambia wafanye tena walichokuwa wanafanya, pole kwa pole, mpaka mkono wa mmoja wao uende wenyewe mahali ulipoweka kitu.

"Nalongo anarudi lini?" akauliza.

* * *

Nalongo alirudi Jumamosi, na kabla hajavua viatu vya safari alikuta ua mzima umepangwa.

"Nalongo, pole na msiba," Akullo akasema, akipiga magoti kumsalimu kwa desturi ya pale. "Tunaomba utusaidie. Tunataka kufanya kama siku ile. Kila mtu asimame pale alipokuwa."

"Mimi nirikuwa wapi?"

"Ulitoka bandani."

"Kale." Nalongo akaenda bandani bila kuuliza. Kwake huu ulikuwa wazimu wa aina nyingine.

Acen akarudi mkekani mlangoni, alipokuwa amelala usingizi siku ile. Olweny akashika bati la masizi na kugeuza uso, na Akullo akamwamuru akohoe, akakohoa. Valère, ambaye siku ile hakuwapo, aliambiwa akae nje ya ua na asiseme kitu, na la pili lilikuja kumshinda. Akullo akavaa leso ile ile, akawasha kuni mbichi, akakoroga, akafumba macho. Moyo ulikuwa unampiga, maana nta yote ilikuwa mle ndani.

"Nalongo! Maji! Leta maji!"

"Mangapi?"

"Mbili! Tia ndani, haraka!"

Akasikia kitu kikipasuka kwenye ukingo wa sufuria, ko. Hakuwa amekisikia siku ile kwa sababu ya kikohozi cha mumewe. Akafumbua jicho moja. Mkono wa Nalongo ulikuwa juu ya sufuria, na kutoka kwenye mkono huo ute wa yai ulikuwa unaning'inia, mrefu, unameremeta, na kiini cha njano kinaelea juu ya tope jeusi.

"Nalongo! Unafanya nini?"

"Natia maji."

"Hayo ni mayai!"

"Ee. Maji." Nalongo akanyanyua la pili amwonyeshe, kwa subira, kama anayemfundisha mtoto. "Hii maji. Mulisema maji, mimi natia maji. Ile siku nirisema, jamani, muno ndani? Wewe ukasema ndani, halaka. Sasa mulalamika nini?"

Kisha kutoka nje ya ua ikasikika sauti ya Valère, ya mtu aliyekaa kimya muda mrefu kuliko uwezo wake: "Mungu yangu! Alitia mayayi!"

Akullo alikaa chini, palepale kwenye majivu. Alicheka mpaka leso ikamwanguka. Olweny aliweka bati chini, akacheka kwa kikohozi cha kweli safari hii, na Acen akagaragara mkekani. Nalongo aliwatazama mmoja mmoja, yai mkononi, na alipoeleweshwa kwamba wao maji huita kile kinachotoka bombani, akachukia kidogo, kisha akacheka kuliko wote, akijipiga paja.

"Kwa hiyo nirikuwa naharibu?"

"Hapana," Olweny akasema, akifuta macho. "Ulikuwa unatengeneza."

Lakini walipotazama ndani ya sufuria, kicheko kikakatika. Yai lilikuwa limeiva. Vipande vyeusi vya kimanda vilikuwa vinaelea juu, na Acen akauliza kama vinaliwa.

Olweny akashika kichwa. Nta ya mwisho. Ni Nalongo aliyesema, akivitoa vipande kwa ncha ya mwiko huku akisonya kwa ajili ya yai lake: "Ile siku nirikawia. Nirisimama, nasikitika. Sufulia ilikuwa chini."

Akullo akamtazama. Ni kweli. Sufuria ilikuwa chini. Mikono ilikuwa imemchoka, akaiipua, na Nalongo akasimama anayahurumia mayai yake mpaka nta ikapoa. Akavichuja vile vipande kwa kitambaa, akaiyeyusha nta upya, akaipua, akasubiri. Hakuwa na kipimo. Aliangalia ukingo wa sufuria tu, mpaka alipoona utando mwembamba unajikunja pembeni, na mwiko unaanza kuwa mzito.

"Imelala," akasema. "Sasa, Nalongo. Maji."

Nalongo akamimina mawili, na kwa hiari yake akaongeza la tatu. Akullo akakoroga. Lile tope likashikana, likawa laini, likang'aa, na safari hii kila mtu alikuwa amefumbua macho.

Toka siku hiyo neno lilibaki katika kampuni. Nta haikupoa, ililala, na mtu mpya alifundishwa kuitazama ikilala kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote.

Lilibaki tatizo moja, nalo Valère ndiye aliyelitaja, kwa furaha ya mtu aliyekuwa anangoja kosa: yai linaoza. Wakaweka kopo juu ya bati la paa, juani, na baada ya siku chache kuku wenyewe walilikimbia. Akullo akakumbuka majani ya kalitunsi, ile mikaratusi mirefu ya kwenye kinamasi ambayo majani yake hufukiziwa watoto wenye mafua. Akayachemsha, na maji yake ndiyo akayapitisha kwenye majivu badala ya maji matupu. Kopo la pili likakaa juu ya paa mpaka wakalisahau. Walipolifungua lilinuka kama mtoto aliyefukizwa, na halikunuka kitu kingine. Kaka wa Kitgum akapelekewa salamu kwamba atume nta zaidi, na kuhusu shamba, hakuandikiwa neno.

* * *

Umande wa asubuhi ya gwaride ulikuwa mzito. Afande wa stoo alipaka buti mwenyewe, hakumwachia Olweny, akatembea mpaka mlingoti wa bendera, akauzunguka, akarudi kwa njia ndefu. Akaweka mguu juu ya kreti. Foleni ikanyoosha shingo. Buti lilikuwa na matone ya maji juu yake, na chini ya matone lilikuwa jeusi kabisa.

Afande akalipangusa kwa kiganja. Akakinusa kiganja. "Inanuka mafua."

"Ndiyo, afande. Inalinda ngozi."

Foleni ikacheka, safari hii kwa sababu ilitaka. Afande mwenyewe alikaribia kutabasamu. Akaita karani, kibali cha rodibloku kikapigwa muhuri pale pale, na makopo yote yakaingizwa stoo. Olweny alikuwa tayari anageuka kwenda, shati lake jeupe kifuani, alipoitwa.

"Olweny. Kuja hapa ndani."

Ndani ya stoo kulikuwa na giza na harufu ya magunia. Afande akafunga mlango.

"Shemeji yangu amepewa duka ya Muhindi aliyeondoka," akasema. "Duka kubwa, haina kitu. Sasa wewe niambie. Unaweka nini ndani ya hii dawa?"

Olweny alijua maana ya swali. Miaka ile watu walipoteza maduka, magari na nyumba kwa swali dogo kama hilo, lililoulizwa nyuma ya mlango uliofungwa. Akisema uongo na uongo ukajulikana, atapotea. Akisema kweli, kampuni imekwisha, na Acen yuko Kitgum kabla ya mtihani. Akafikiria uso wa Akullo kwenye moshi, akafikiria mkono wa Nalongo juu ya sufuria, na hapo jibu likamjia, na lilikuwa la kweli kabisa.

"Nta ya nyuki, afande. Mafuta ya yaa. Masizi ya koroboi. Maji ya majivu, na majani ya kalitunsi. Halafu, nta ikianza kulala, tunatia maji."

"Maji?"

"Maji, afande. Mbili, tatu, kwa sufuria."

"Maji tu?"

"Haki ya Mungu, maji tu."

Afande alimkazia macho kwa muda mrefu. Alikuwa amesikia waongo wengi, na alijua anavyotazama mtu anayedanganya. Huyu hakuwa anadanganya. Akafungua mlango.

* * *

Gari la polisi lilisimama mbele ya ua wa Nalongo baada ya wiki kadhaa. Watoto wa jirani walitoweka. Akullo, aliyekuwa akijaza makopo, akaliweka chini alilokuwa nalo mkononi. Olweny akasimama, akafunga vifungo vya shati mpaka juu, kama mtu anayejitayarisha kuondoka na asijue kama atarudi.

Afande akashuka amebeba sufuria kubwa, dereva wake nyuma. Akaiweka chini mbele yao. Ndani mlikuwa na supu nyeusi yenye mabonge, ambayo Olweny na mkewe waliitambua mara moja kama mtu anavyotambua picha yake ya utotoni.

"Shemeji yangu ameweka nta," afande akasema. "Ameweka masizi. Ameweka majivu na ile majani. Imelala, ameiona imelala. Ametia maji. Mara kumi ametia maji! Olweny, ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, afande."

"Basi kwa nini yetu inaharibika?"

Akullo akatazama chini. Ni Nalongo aliyesogea mbele, gomesi yake imekunjwa vizuri kiunoni, akapiga magoti kumsalimu mgeni kama anavyostahili mgeni, akainuka.

"Ssebo, bwana," akasema, "yeye hakudanganya. Hata mimi niko shahidi. Ni maji. Ni mimi mwenyewe natia, na mukono yangu."

"Maji gani, mama?"

"Maji ya hapa. Ya kwangu." Na akanyoosha kidole, bila haraka, kwenye banda la kuku. "Tunatoa pale."

Afande akageuka. Akaliona banda, na nyuma ya banda, limesimama kwenye tope lake, akaliona bomba.

Alilitazama bomba kwa makini. Alikuwa mtu wa mbali, na alikuwa amesikia kwamba maji ya sehemu nyingine hutengeneza bia nzuri na ya sehemu nyingine hapana. Ukungu ukamtoka usoni. "Ah," akasema. "Kumbe ni maji ya Kisugu." Akamwamuru dereva alete debe.

Dereva akakinga, mpaka likajaa. Kuku mwekundu alipita juu ya viatu vyake, vyeusi, vinavyong'aa. Nalongo akawaaga wageni na kuwaombea safari njema.

Baada ya muda si mrefu karani wa stoo alileta oda ya mwezi, makopo mengi kuliko kwanza, na wala habari ya shemeji, aliyekuwa amechoka kuharibu nta, haikutajwa tena. Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile, gari lilipokwisha kupotea kwenye kona, hakuna aliyecheka mara moja. Olweny alikaa kwenye kibao na kuvuta pumzi, na Akullo akamshika bega na hakuliachia.

Nalongo peke yake alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Alimgeukia Akullo, ametahayari kama mwanafunzi.

"Mama Acen, Kiswahiri yangu nimesema vizuri?"

"Nalongo," Akullo akasema, na machozi, ambayo safari hii si ya moshi, yalikuwa yanamtoka, "umekisema vizuri kuliko sisi sote."